Mgema na Mshindo wa Nazi

Wenzangu mnaobaki kwenye kitengo, siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno mawili matatu. Nilisema mawili, maana pilau ilikuwa inapoa na mgeni rasmi alikuwa ameanza kutazama saa bila kujificha. Haya ndiyo mengine. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilichelewa na mishahara pia, na nyinyi wenyewe mnajua hivyo vizuri kuliko mimi.

Nilifika Malindi nikiwa msichana wa kutoka Ukambani. Nilikuwa nimehitimu uuguzi wa maradhi ya akili, na Kiswahili changu kilikuwa cha shule: kimenyooka, lakini hakina chumvi. Chumba tulichopewa hospitalini kilikuwa stoo ya ndoo na vifagio, mwisho wa kijia, ukishapita kliniki ya meno. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana akienda kwa watu wa wazimu, wagonjwa wetu walitembea wakishika shavu hadi mlangoni pa meno, wakageuka kulia na kushoto, kisha wakachapuka kuingia kwetu. Daktari wa meno alikuwa akilalamika kwamba wagonjwa wake hupotea njiani.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa Bi Zuhura, mzaliwa wa Malindi mjini, mama mnene wa taratibu. Buibui lake lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na chupa yake ya kahawa ya tangawizi ilikaa juu ya faili. Asubuhi yangu ya kwanza aliingia mwanamke mmoja mfanyabiashara wa sokoni. Nikashika kalamu, nikamuuliza, "Una shida gani?"

Yule mama akanitazama, halafu akamtazama Bi Zuhura, kama anayeuliza huyu mtoto ni wa nani.

"Mwanangu," Bi Zuhura akaniambia, "mtu hujamuuliza kulala wala kuamka, ushamuuliza shida?" Akamgeukia mgeni. "Sabalkheri, bibi. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Namshukuru Mungu. Ila..."

Bi Zuhura akanyamaza. Akamimina kahawa, polepole, hadi nikadhani amesahau kama kuna mtu chumbani. Yule mama akaendelea mwenyewe, na alipomaliza tulikuwa na kila kitu tulichohitaji.

"Hiyo 'ila' ndiyo faili lako," Bi Zuhura aliniambia baadaye. "Ukiisikia, funga mdomo."

Mengi aliyonifundisha hayakuwa vitabuni. Viti viwili visitazamane kana kwamba ni kituo cha polisi. Viweke upande, ili mgonjwa aweze kukutazama akitaka, na asipotaka atazame dirisha. Mtu mwenye hofu usimkalishe akiupa mlango mgongo, kwa sababu hatasikia neno lako hata moja. Atakuwa akisikiliza mlango. Mtu akilia usimkimbilie na kitambaa, maana kumfuta machozi haraka ni kumwambia yatosha. Tena usingojee aje na maneno ya darasani. Sijawahi kumpata mtu kutoka Tezo au Ganze akaniambia ana kiwewe. Huniambia moyo unamwenda mbio, usingizi umemkimbia, mwili si wake.

Mama mmoja wa Ganze simsahau. Alikuja na maumivu ya kiuno, ya mgongo, ya kichwa, na mfuko wa vidonge vya kutuliza maumivu kutoka kila zahanati aliyoipitia. Damu yake safi, mkojo safi, picha safi. Bi Zuhura akamuuliza habari za watu wa nyumbani.

"Wazima wote. Ila binti yangu alikufa akijifungua."

Mimi nilikuwa tayari na pole yangu. Bi Zuhura akanitangulia. "Alikuwa anaitwa nani?"

Mama akataja jina. Akalitaja tena. Kisha akaeleza kwamba tangu mazishi hakuwa amelia, kwa kuwa kulikuwa na kichanga cha kulea, na maji yako mbali, na mtu hawezi kulia huku amejitwika mtungi. Alilia pale kwetu, kwenye kiti cha plastiki, na hakuna aliyemharakisha. Kiuno hakikupona siku ile. Lakini aliporudi kliniki, hakuwa na ule mfuko wa vidonge.

Bi Zuhura alistaafu, nami nikahamishiwa Kilifi. Nikajenga Tezo na mume wangu, tukalima mihogo na kufuga kuku ambao majirani waliwala zaidi kuliko sisi. Kisha mume wangu akafariki kwa maradhi ya figo. Nilirudi kazini mapema mno. Waliokuja kunihani niliwaeleza kitaalamu hatua za majonzi na niko hatua gani. Wakaondoka wakisema huyu mama ni jasiri. Wengine, nadhani, walisema nimerukwa na akili.

Bi Zuhura alikuja kutoka Malindi adhuhuri moja, mguu ukimuuma. Nikaanza kumweleza pia. "Najua kinachonitokea," nikamwambia.

"Najua kama unajua. Umekula?"

Akaosha vyombo, akasonga ugali, akakaanga samaki. Chakula kikawekwa, akaketi karibu nami. Huyu alimfahamu mume wangu tangu tulipochumbiana, na alikula kwetu sikukuu nyingi. Akaniuliza, "Mumeo alikuwa anaitwa nani?"

Nililia mpaka samaki akapoa. Tulimla hivyo hivyo. Siku hiyo nilielewa kwamba kulijua jambo na kulibeba ni kazi mbili, na hii ya pili haifanywi na mtu mmoja.

Sasa nije kwa Katana, ambaye wengi wenu mmenisikia nikimtaja bila kumaliza.

Wakati huo tulikuwa tukipanda Kaloleni kuendesha kliniki kwenye kituo cha afya. Mwanamke mmoja, Sidi, alimleta mumewe. Alikuwa mwanamume wa makamo, mikono na kifua vya mgema, mtu aliyepanda minazi maisha yake yote kugema tembo, pombe ya mnazi. Kwenye kiti alikaa kama mgeni wa mwili wake. Alikuwa amepimwa moyo Kilifi, akaambiwa hana ugonjwa.

"Dakitari alisema sina kitu," akaniambia, baada ya salamu ndefu. "Lakini moyo unaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Mikono inatoa maji. Nikisikia nazi inaanguka, hata ya jirani, najikuta nimeshikilia ukuta."

Nanyi mnaijua Kaloleni. Hapo nazi huanguka kama kwingine jogoo anavyowika.

"Nyumbani hawajambo?" nikauliza.

"Hawajambo." Akakaa. "Ila ndugu yangu."

Nikafunga mdomo. Hakuendelea. Sidi ndiye aliyenieleza kwamba mdogo wake Katana, mgema pia, alianguka kutoka juu ya mnazi asubuhi moja baada ya mvua, akafa palepale. Katana alikuwa juu ya mnazi wa pili. Alishindwa kushuka. Wagema wenzake walipanda wakamfungua vidole kimojakimoja, wakamteremsha kwa kamba. Tangu hapo hakupanda tena. Akawa anakunywa, halali, na akilala anaamka akipiga ukelele.

"Alikuwa anaitwa nani?" nikamuuliza Katana.

Alitazama dirisha. "Ngala," akasema, na Sidi akashika mdomo, kwani jina hilo lilikuwa halijatajwa nyumbani tangu matanga.

Walikuwa wameshampeleka kupungwa pepo, na wameshamwombea kanisani. Niliuliza ni lipi lililomsaidia, na sikuuliza ili nicheke. Alisema siku ya ngoma ya pepo alilala vizuri. Nikauliza kwa nini. "Watu wangu wote walikuwapo," akajibu. Nilikubaliana na dawa hiyo, nikaongeza yangu juu yake.

Na jambo moja nilimuuliza waziwazi, kama nilivyokuwa nikiwasisitizia nyinyi: je, anafikiria kujitoa uhai? Msiogope neno hilo. Halimwingizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Linamfungulia mlango tu. Alisema kuna asubuhi anaona afadhali angeanguka yeye. Tukakubaliana na Sidi kwamba kotama, kile kisu chake cha kugemea, na dawa za shamba zikae kwa jirani, na kwamba Katana asikae peke yake. Daktari akamwandikia dawa ya muda ya kumtuliza. Aliondoka akiniambia asante, lakini sauti haikuwa na mtu ndani.

Kliniki iliyofuata hakuja. Nilikuwa katikati ya kazi Sidi aliponipigia simu. "Sista, njoo. Ameukata mnazi wa Ngala, na sasa anaanza mwingine. Shemeji yake amesimama mbele ya shoka."

Nilimwomba dereva wa kituo anipeleke. Alisema gari ni la chanjo. Nikamwambia hii nayo ni chanjo, akacheka, tukaenda.

Mnazi wa Ngala ulikuwa umelala chini na makuti yake yote. Katana alisimama na shoka, jasho likimtiririka. Mbele ya mnazi wa pili, mgongo umeegemea shina, alisimama Kadzo, mjane wa Ngala, mwanamke mdogo wa umbo. Nilipata kumwona mara moja tu, akiwamiminia wageni chai. Hakuna aliyewahi kumleta kliniki. Watu wote walikuwa wakimtazama yule anayepiga kelele.

"Ule wa kwanza nilikuachia," alikuwa akimwambia Katana. "Hata mimi nilikuwa siwezi kuutazama. Huu hukati. Hii minazi inalisha nyumba mbili. Ukitaka, utukate sote wawili, mimi na mnazi."

"Kadzo, toka."

"Sitoki."

Sikuwa na hotuba. Niliwaamkia, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba nimepita tu. Mpwani hata akiwa na shoka mkononi humjibu anayemwamkia. Katana akanijibu. Nikasema jua kali, naomba nikae. Nikakaa juu ya shina la ule mnazi uliokatwa. Sidi akaja akakaa. Punde Katana akaketi pia, shoka likiwa magotini, na Kadzo akateleza chini palepale alipokuwa ameegemea.

Kwa mbali mtu alikuwa akitwanga.

"Nilimwita," Katana akasema.

Akaligeuza shoka magotini.

"Nilimwita aone kule barabarani. Gari la mitumba lilikuwa limekwama matopeni, na mwenye gari anasukuma akiwa amevaa kanzu nyeupe. Nikasema, we Ngala, hebu tazama. Akageuka. Nilimsikia akicheka. Halafu mshindo." Alikuwa akilitazama shoka. "Nisingemwita, angekuwa hai. Mimi ndiye niliyemuua, na nyinyi mnanipikia chakula."

Nilijua nilichofundishwa kusema hapo. Sikukisema, kwa sababu nilimwona Kadzo anavyotazama ardhi.

"Goti lilikuwa linamuuma," Kadzo akasema. "Asubuhi ile. Alisema leo angependa apumzike. Nikamwambia, na tembo litajigema lenyewe? Akachukua kibuyu akatoka. Hakuniaga, alikuwa amenikasirikia kidogo." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Kila siku nangoja mtu aniulize alitokaje nyumbani. Hakuna aliyeuliza."

Katana akamtazama shemeji yake kama ambaye hakuwahi kumwona.

"Hukujua," akamwambia.

"Wewe nawe hukujua."

Basi. Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa, na nimefanya kazi hii miaka mingi bila kupata mazuri zaidi. Mngeyasikia kwenye warsha mngeyaona madogo. Lakini watu wawili walikuwa wakiishi ua mmoja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyemuua Ngala, na kila mmoja akimkwepa mwenzake ili asijulikane. Sidi alilichukua lile shoka magotini mwa mumewe kama anavyochukuliwa mtoto aliyelala, akaingia nalo ndani. Katana alilia kwa sauti, na Kadzo akasogea akakaa karibu naye. Dereva wangu, mtu wa mzaha siku zote, alikwenda kusimama upande wa pili wa gari.

Hata hivyo msije mkadhani kwamba hapo ndipo alipopona. Majuto yalipungua, lakini mwili haukuwapo kwenye mazungumzo. Mwili ulikuwa umejifunza asubuhi moja kwamba mshindo ni kifo, na mwili hauachi somo kwa kukemewa. Nilimweleza hivi: hofu yako ni mlinzi mpya wa usiku. Ameona mwizi mara moja, sasa anapiga firimbi kwa kila paka. Hatumfukuzi, tunamzoesha paka.

Kliniki iliyofuata nikaweka nazi nzima, na maganda yake, sakafuni katikati ya chumba. Katana akakisogeza kiti mbali. Siku hiyo tuliitazama tu, huku nikimfundisha kupumua kama anayepoza uji: kuvuta kidogo, kutoa taratibu na kwa muda mrefu, nyayo zote mbili zikiwa chini. Mara nyingine akaishika. Baadaye akaiangusha mwenyewe kwenye mkeka, kutoka magotini, kisha kutoka kifuani. Ukiiangusha mwenyewe, mshindo unakuwa wako. Kisha Sidi akawa anaiangusha huku Katana akiona, na mwishowe nyuma yake bila kumwambia ni lini. Kila mara alishtuka, na kila mara tulingoja moyo urudi chini kabla ya kuendelea. Hiyo ndiyo siri yote ya tiba ile, vijana: kungoja. Mkimkatisha mtu akiwa bado kileleni mwa hofu, mmemfundisha kuogopa zaidi.

Mfamasia wa chumba cha pili alikuja kubisha hodi. "Sista, kwani mnajenga?"

"Tunabomoa," Katana akamjibu. Ndio mzaha wake wa kwanza niliousikia. Nazi yenyewe ilipopasuka tuliikuna, na mhudumu wa usafi akapikia mchicha.

Ilichukua misimu ya mvua miwili. Kuna wiki alirudi nyuma, akanywa, akasema nazi zangu ni upuuzi. Kadzo naye alianza kuja kliniki, siku yake mwenyewe, na alikaa kwenye kiti kile kile. Yeye hakuhitaji nazi. Alihitaji mtu wa kumsikiliza akimlaumu Ngala kwa kuondoka bila kumuaga, na hilo lilichukua muda pia.

Katana hakupanda mnazi tena. Baadhi ya wenzetu waliliona hilo kama kushindwa, wakaniuliza kwa nini sikumfikisha juu. Sikuwahi kuahidi juu. Aliikodisha minazi kwa mgema mwingine, akasimika uani kifuo, ule mti wenye ncha wa kumenyea maganda, akawa anafua nazi za nusu ya kijiji na kuziuza mjini. Anafanya kazi mchana kutwa katikati ya kelele zilezile zilizokuwa zikimpeleka ukutani. Bado hushtuka nazi ikidondoka karibu. Hata mimi hushtuka. Nazi si kitu cha kudharau.

Wiki moja baada ya kustaafu nilipanda Kaloleni kuwaaga. Nilidhani nitakaa kidogo. Sidi aliweka chai na mihogo ya kuchemsha, Kadzo akaleta mkeka wa pili, na Katana akaanza kunisimulia, bila kuulizwa, siku Ngala alipokwenda kumposa Kadzo. Alikuwa ameshuka mnazini kwa haraka, kibuyu kikammwagikia, na hakukuwa na muda wa kuoga. Alifika kwa wakwe akinukia tembo, nyuki wakimfuata hadi barazani, na baba yake Kadzo akakimbilia ndani akawaacha wageni nje.

"Na alikuwa amevaa shati langu la buluu," Katana akasema. "Nililinunua jipya. Sijalipata hadi leo."

"Uongo huo," Kadzo akasema. "Lilikuwa jeupe. Tena la kwake."

"Shemeji, mimi nililinunua!"

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama siku hiyo. Wewe ulikuwa unawatazama nyuki."

Sidi akacheka hadi akaweka kikombe chini. Kadzo akainuka, akaingia nyumbani kwake, akatoka na shati. Alikuwa akilihifadhi. Akalikunjua, akaliinua juu juani kwa mikono miwili ili sote tulione. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi na kufifia mno hivi kwamba halikuwa jeupe wala la buluu.

"Mnaona?" Kadzo akasema.

"Mnaona?" Katana akasema.

Nilipoaga walikuwa bado wanabishana.